Mashindano ya ujifunzaji wa mashine kwa mtu mwenye kazi: anza na kipimo

Najua nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa. Kazi zilinizidi, halafu stima nayo ikawa inapotea mtaani kwetu kila jioni kana kwamba kuna mtu anaizima makusudi. Leo nimeamua kukaa chini nijibu swali ambalo nimeulizwa mara nyingi kuliko mengine yote mwaka huu, kwa barua pepe na hata ndani ya matatu: mtu aliyeajiriwa, anayetoka kazini jioni akiwa hoi, aanze vipi kushiriki mashindano ya ujifunzaji wa mashine?

Wengi wanaouliza wanataka niwatajie lugha ya kuprogramu, kozi, na aina ya kipakatalishi cha kununua. Nitayagusa hayo. Lakini nina msimamo wangu ambao huenda usiupende. Naamini mtu mwenye kazi hafai kuingia mashindano haya kutafuta nafasi ya juu. Aingie ajifunze kupima kazi yake mwenyewe bila kujidanganya. Msimamo huu sikuzaliwa nao. Niliupata baada ya kuanguka vibaya, na nitakusimulia.

Kwanza, kwa wale ambao hawajawahi kuyaona. Mwandaaji anatoa data yenye majibu, pamoja na data nyingine ambayo majibu yake ameyaficha. Wewe unaandika programu inayojifunza kutokana na ile ya kwanza, halafu inabashiri majibu ya ile ya pili. Unatuma ubashiri wako, unapewa alama, na jina lako linapanda au kushuka kwenye ubao wa matokeo ambao kila mtu anauona. Tovuti maarufu zaidi ya kazi hii ni Kaggle, iliyoanzishwa Australia mwaka 2010 na kununuliwa na Google mwaka 2017. Hapa Afrika tuna Zindi, iliyoanza mwaka 2018 huko Cape Town, na mashindano yake mengi hutokana na matatizo ya bara letu.

Sasa kuna jambo moja ambalo wageni hawalitilii maanani. Mara nyingi ile data iliyofichwa hugawanywa sehemu mbili. Alama unazoziona kwenye ubao wakati mashindano yakiendelea hutokana na sehemu moja tu. Sehemu ya pili hufunguliwa siku ya mwisho, na hiyo ndiyo inayoamua mshindi. Hapo ndipo kilio kilipo.

Mashindano yangu ya kwanza makubwa nilikesha kwa miezi mitatu. Nilikuwa nikifika nyumbani saa mbili usiku, nakula kwa haraka, nafungua tarakilishi hadi saa saba. Kila siku nilituma majaribio yote niliyoruhusiwa. Nikibadilisha namba hii, alama zinapanda kidogo. Nikibadilisha ile, zinashuka, narudisha. Ubao ukawa ndio mwalimu wangu. Wiki ya mwisho nilikuwa katika hamsini bora kati ya maelfu, na nilishaanza kuwatumia marafiki picha za ubao. Dadangu akaniambia kwa simu, "Kaka, tutasherehekea ukishinda, sasa lala." Sikulala.

Siku ya mwisho sehemu iliyofichwa ikafunguliwa. Niliporomoka zaidi ya nafasi elfu moja. Nilidhani tovuti imeharibika. Nikapakia ukurasa upya mara tano. Haikuwa imeharibika. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nilikuwa nimesifiwa na ubao miezi mitatu mfululizo.

Kilichotokea ni rahisi kueleza. Sote tunamjua mwanafunzi anayekariri majibu ya karatasi za KCSE za miaka iliyopita. Umpe karatasi ileile, anapata A. Umpe swali jipya la mada ileile, anakodoa macho. Kila nilipotuma jaribio na kuona alama, nilikuwa nachungulia karatasi ya majibu kidogo. Majaribio mia yakawa machungulio mia. Programu yangu haikuelewa tatizo. Ilikuwa imejirekebisha polepole mpaka ikalingana na ile sehemu ndogo ya data iliyokuwa ikinionyesha alama.

Wala si wageni tu wanaonaswa na tamaa ya ubao. Mwaka 2015 kikundi cha watafiti wa Baidu, kampuni kubwa ya China, kilipigwa marufuku kwa mwaka mmoja katika mashindano ya ImageNet, yale ya kutambua vitu kwenye picha. Kanuni iliruhusu majaribio mawili kwa wiki. Waandaaji waligundua kwamba kikundi hicho kilitumia akaunti nyingi na kutuma majaribio yapatayo 200 katika muda wa miezi sita hivi. Walikuwa na mashine za kutisha na wataalamu waliosoma, lakini hayo hayakuwaokoa.

Sasa mfano wa pili, na huu unatuhusu sisi wa jioni na wikendi. Oktoba 2006 kampuni ya Netflix ilitangaza zawadi ya dola milioni moja kwa yeyote ambaye programu yake ingebashiri nyota ambazo wateja wangezipa filamu kwa usahihi unaozidi programu ya Netflix kwa asilimia 10. Ilitoa data ya ukadiriaji zaidi ya milioni 100, wateja zaidi ya 480,000 na filamu 17,770. Kazi ilichukua karibu miaka mitatu. Timu iliyoshinda mwaka 2009, BellKor's Pragmatic Chaos, ilikuwa muungano wa timu tatu. Mojawapo ilikuwa ya wahandisi wawili kutoka Montreal, Martin Piotte na Martin Chabbert, ambao hawakuwa wataalamu wa fani hii na waliifanya nje ya saa za ajira zao. Kwa hiyo usikubali mtu akwambie kwamba milango imefungwa kwa asiye na shahada ya uzamifu.

Angalia pia mwisho wa mashindano hayo. Kwenye alama zilizoonekana na wote, timu nyingine iliyoitwa The Ensemble ilikuwa mbele kwa unywele. Data iliyofichwa ilipofunguliwa, timu hizo mbili zilitoka sare, zote na kosa la 0.8567. Ushindi ulikwenda kwa BellKor kwa sababu walituma kazi yao mapema kwa dakika 20 hivi. Halafu mwaka 2012 Netflix yenyewe ikaeleza kwamba haikuutumia mfumo wote ulioshinda, kwa kuwa usahihi ulioongezeka haukulingana na kazi ya kihandisi ya kuuingiza katika huduma. Ilichotumia ni algoriti mbili kutoka kazi ya mwaka wa kwanza wa mashindano. Msomaji mwenye kazi, hilo ulichukue kwa uzito. Faida kubwa ilipatikana mapema, na jasho lililofuata lilikwenda kwenye tarakimu za mwisho.

Je, namaanisha mashindano ni bure? Hapana. Yaliniokoa kazini, na hii ndiyo sababu hasa ya makala hii.

Miezi kadhaa baada ya aibu yangu, bosi aliniita. Kampuni inatengeneza programu za vyama vya kuweka na kukopa, na mteja mmoja alitaka mfumo wa kubashiri ni mwanachama gani atashindwa kulipa mkopo. Nikapewa data ya miaka minne. Jaribio la kwanza likaleta usahihi wa asilimia 97. Bosi alifurahi, akataka tumwonyeshe mteja Ijumaa.

Mimi wa zamani ningeenda Ijumaa nikiwa nimevaa tai. Lakini nilikuwa nimeshaumwa na nyoka, na ukiumwa na nyoka ukiona ung'ongo hushtuka. Kwanza nikauliza: tukisema tu kwamba kila mtu atalipa, tutapata asilimia ngapi? Jibu likawa 92, kwa kuwa kati ya wakopaji 100 kwenye data ile, 92 walikuwa wamelipa. Kumbe hiyo 97 niliyokuwa nikijivunia ilikuwa imepanda ngazi tano tu kutoka chini. Halafu nikaangalia programu inaegemea safu gani ya jedwali. Ilikuwa inaegemea safu moja kupita zote: idadi ya simu ambazo ofisi ilimpigia mkopaji.

Fikiria kidogo. Ofisi humpigia nani simu? Humpigia aliyekwisha kuchelewa kulipa. Siku mtu anapoomba mkopo, hajapigiwa simu hata moja. Kwa hiyo mfumo wangu, ukitumiwa dirishani, ungeona sifuri kwa kila mwombaji na kuwapitisha karibu wote. Fedha ambazo zingetoka ni akiba za wanachama: mwalimu aliyekatwa mshahara miaka kumi, mama anayeuza mboga sokoni na kuweka shilingi mia kila jioni. Hakuna ambaye angejua tatizo liko wapi hadi fedha ziishe, maana karatasi ingesema asilimia 97.

Nilipoiondoa safu ile, usahihi ulishuka hadi 93. Bosi alinuna. Tulimwonyesha mteja namba ndogo na tukamweleza kwa nini ni ndogo, tukaanza upya kwa kipimo kingine kinachohesabu ni wangapi wa wale watakaoshindwa tunaweza kuwatambua mapema. Kosa lile lina jina katika fani hii, linaitwa uvujaji wa data, na mimi sikulijua darasani. Chuo kikuu kilinifundisha hesabu zake, na nilipita mtihani. Nililijua kwa sababu baada ya kuporomoka kule nilikaa wiki nzima nikisoma maelezo ya waliofanya vizuri, na karibu wote walianza kwa kutafuta mahali ambapo data inavuja.

Basi kama bado unataka kuingia, na ninatumaini unataka, hivi ndivyo ningemshauri mdogo wangu.

Anza na data ndogo na isiyo na zawadi. Kaggle ina zoezi la meli ya Titanic iliyozama mwaka 1912. Unapewa abiria 891 ambao tunajua nani alinusurika, na unabashiri wengine 418. Usikimbilie algoriti yoyote. Hesabu kwanza kwa mkono. Kati ya wanawake 314, walionusurika ni 233. Kati ya wanaume 577, ni 109 tu. Ukisema wanawake wote walipona na wanaume wote walikufa, umepata sawa watu 701 kati ya 891, karibu asilimia 79, bila ujifunzaji wowote wa mashine. Huo ndio mstari wako wa chini. Algoriti yoyote isiyouvuka inakula stima yako bure. Na ukiona mtu kwenye ubao wa zoezi hilo ana alama kamili, usivunjike moyo. Majina ya walionusurika yanajulikana hadharani miaka na miaka, na yeye ameyanakili tu.

Kisha tengeneza kipimo chako mwenyewe kabla ya kutuma chochote. Wagawe abiria wako 891 katika mafungu matano, kila fungu watu 178 au 179. Fundisha programu kwa mafungu manne, ipime kwa la tano ambalo haijaliona. Rudia mara tano, kila fungu lipate zamu ya kuwa mtihani, halafu chukua wastani. Angalia pia alama tano hizo zinatofautiana kiasi gani. Kama zinatofautiana kwa asilimia tatu, basi usishangilie ukipanda nusu asilimia, huo ni upepo tu. Jiwekee sharti hili: unatuma jaribio pale tu kipimo chako cha nyumbani kinapoonyesha maendeleo, na ubao ukipingana nacho unatafuta sababu kwanza. Ningelishika sharti hili miezi ile mitatu, ningelala.

Ukishazoea, ingia shindano moja halisi. Moja. Wanaoingia matano kwa pamoja humaliza mwaka wakiwa na faili nyingi na elimu kidogo. Chagua linalogusa kitu unachokijua. Kama unafanya kazi kwenye benki, utajua safu gani hujazwa lini, jambo ambalo bingwa wa Tokyo halijui. Na kama unapenda lugha, kuna kazi zinazotuhusu moja kwa moja. Mwaka 2023 kulikuwa na shindano la AfriSenti, chini ya mfululizo wa SemEval, la kutambua kama ujumbe wa Twitter una hisia nzuri, mbaya au za katikati. Lilikuwa na lugha 14 za Afrika, Kiswahili kikiwemo. Mashindano ya aina hiyo ndiyo daraja la kuingia katika utafiti, kwa sababu washiriki huandika makala ya kueleza walichofanya, hata wasioshinda. Mtu anayejua kwamba "umeniua" kwenye ujumbe inaweza kuwa kicheko ana mtaji ambao hauuzwi dukani.

Kuhusu mashine, usikope ununue kipakatalishi cha laki mbili. Kaggle na Google Colab hukuruhusu kutumia kadi zao za michoro, zile GPU, bila malipo kwa muda fulani. Tarakilishi ya kawaida inatosha, ukiwa na bando. Na kwa data ya majedwali, ambayo ndiyo tunayokutana nayo sana kazini, algoriti zinazojenga miti ya maamuzi, kama XGBoost iliyotoka mwaka 2014, hazihitaji hata kadi hizo. Lugha ni Python. Kozi zipo tele za bure, chagua moja uimalize.

Kuhusu wakati, mimi sasa nina saa tano kwa wiki na sizidishi. Jumanne na Alhamisi saa moja moja alfajiri, kabla ya foleni za barabarani, na Jumamosi saa tatu. Kila kikao kina swali moja lililoandikwa kwenye daftari kabla sijafungua tarakilishi: je, nikiongeza umri kwa makundi, kipimo kitapanda? Nikimaliza naandika jibu, hata kama ni hapana. Daftari lenye hapana thelathini ni utafiti. Kukesha ukibadilisha namba bila kuandika ni kamari.

Jambo ambalo watu hawapendi kulisikia: soma mkataba wako wa ajira kabla hujajisajili. Waajiri wengine wanadai umiliki wa kila unachoandika, hata usiku wa manane. Na kamwe usichukue data ya kazini ukaifanyie mazoezi nyumbani. Tangu mwaka 2019 Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data, na hata isingekuwepo, yule mama wa sokoni hakukupa namba yake ya simu uichezee.

Najua kuna atakayesema, "Wewe umeanguka ndiyo maana unatudharaulia ubingwa." Inawezekana. Ninawaheshimu mabingwa, na maelezo yao ndiyo yaliyonifunza. Lakini wengi wao wana muda ambao mimi na wewe hatuna, na tukishindana nao kwa kukesha tutashindwa na kazini tutasinzia. Mwingine atasema siku hizi programu za akili bandia zinakuandikia msimbo wote kwa dakika, sasa kuhangaika kwa nini? Hapo nakubaliana naye nusu. Zinaandika, tena vizuri. Lakini ile 97 yangu ingeweza kuandikwa na programu kama hizo bila shida yoyote, ikiwa na safu ya simu ndani yake. Mtu wa kuuliza zile simu zilipigwa lini bado anahitajika, na huyo ndiye mwajiri atakayemtafuta.

Mimi nimeingia shindano lingine mwezi uliopita. Sasa hivi niko nafasi ya mia nne na kitu. Kipimo changu cha nyumbani na ubao vinakubaliana hadi tarakimu ya tatu, na jana nililala saa nne usiku. Dadangu amefurahi kuliko siku zile nilipokuwa wa hamsini.

Haya, stima bado ipo, wacha nitume kabla haijapotea. Ukianza na Titanic wikendi hii, niandikie uniambie mstari wako wa chini ulikuwa asilimia ngapi. Nafasi yako kwenye ubao sitakuuliza.